Njia ya Muuaji na Sauti ya Ngomani: Tahakiki ya Mtazamo katika Filamu ya In a Violent Nature

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza suala moja la fani ambalo wahakiki wetu wamelizoea katika riwaya na hadithi, lakini ambalo hawalizungumzi mara nyingi katika sinema. Suala hilo ni la mtazamo: yaani, anayetusimulia amesimama wapi, na kusimama kwake pale kunatufanya tuwe upande wa nani. Mfano tutakaoutumia ni filamu ya vitisho ya Kanada iitwayo In a Violent Nature, iliyoongozwa na Chris Nash na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance, Marekani, mwezi wa Januari 2024. Filamu hii ni ya kundi ambalo hapa tutaliita filamu za mchinjaji. Mpango wa filamu hizo unajulikana: vijana kadhaa wanakwenda mahali pa faragha, muuaji aliyefunika uso anawawinda mmoja mmoja, na mwishoni anabaki mmoja, aghalabu msichana, ambaye ndiye wa kusimulia. Upya wa kazi ya Nash ni kwamba haikai na vijana. Tangu mwanzo hadi karibu na mwisho inatembea na muuaji.

Msomaji aweza kuuliza: jarida la lugha za Kiafrika lina haja gani na mchinjaji wa misitu ya Kanada? Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, filamu za namna hii hazibaki zilikotengenezwa. Hufika Thika na Ruiru kama zifikavyo kwingineko Afrika Mashariki, na nyingi hupitia katika vinywa vya wasimulizi wazifasirio kwa Kiswahili. Kila sentensi ya ufasiri huo inamlazimisha msimulizi kuamua jambo juu ya muuaji ambalo kamera iliweza kulinyamazia. Pili, mwezi uleule wa Januari 2024, Kenya ilikuwa ikizungumza juu ya wanawake waliouawa, mmoja wao katika nyumba ya kukodi karibu na barabara itokayo Nairobi kwenda Ruiru na Thika. Tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliandamana Nairobi na katika miji mingine wakidai mauaji hayo yakomeshwe. Mtu aliyetoka katika mazungumzo hayo akaketi kuitazama filamu hii hawezi kulichukulia suala la mtazamo kuwa mchezo wa mafundi wa kamera tu.

Hoja yetu ni hii: kuifuata njia ya muuaji si kosa kwa nafsi yake, la sanaa wala la maadili. Kunafaa pale ambapo njia hiyo inatuwezesha kuisikia vizuri zaidi sauti ya yule anayewindwa. Pale ambapo inaizima sauti hiyo, kazi imeshindwa hata kama ufundi wake ni mkubwa. Kipimo hiki hatukukiazima mbali. Tutaonyesha hapo mbele kwamba hadithi zetu za mazimwi zilikuwa nacho zamani.

2. Jicho na kisogo

Kumwazima muuaji macho ya mtazamaji si jambo jipya katika sinema. Mwaka 1960 Michael Powell wa Uingereza alitoa Peeping Tom, filamu ya mtu anayewaua wanawake huku akiwapiga picha. Wahakiki wa wakati ule waliishambulia mno hata sifa ya mwongozaji ikaharibika kwa miaka mingi. Mwaka 1978 John Carpenter aliifungua Halloween kwa onyesho refu lionekanalo kupitia macho ya muuaji, na kinyago kilipovuliwa tukakuta ni mtoto mdogo. Friday the 13th ya mwaka 1980 ililitumia jicho hilohilo kuficha: tuliona aonayo muuaji ili tusimwone yeye, hata tukashangaa mwishoni kukuta kwamba ni mama aliyefiwa na mwanawe. Katika Maniac ya mwaka 2012, karibu filamu nzima ilionekana kwa macho ya muuaji, na uso wake tukauona hasa katika vioo.

Hizo zote twaweza kuziita filamu za jicho. Kwa lugha ya sarufi, zinasimulia kwa nafsi ya kwanza: naona, nakaribia, napiga. Mtaalamu wa Marekani, Carol Clover, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alionyesha kwamba jicho hilo halidumu. Mtazamaji huanza na muuaji, lakini kadiri filamu inavyoendelea huruma yake huhamia kwa msichana wa mwisho, na hatimaye hutazama kwa macho yake.

Nash hakufuata njia hiyo. Kamera yake haimo machoni mwa muuaji. Imo nyuma yake, hatua chache, ikiutazama mgongo na kisogo. Hii tutaiita filamu ya kisogo, na nafsi yake ni ya tatu: anatembea, anasimama, anageuka. Muuaji mwenyewe anaitwa Johnny. Zamani alikuwa kijana mwenye upungufu wa akili, mwana wa mwenye duka, ambaye wakata magogo walimhadaa apande mnara wa walinzi wa moto kwa ahadi ya vitu vya kuchezea, wakamtisha, akaanguka akafa. Haya hatuyaoni, tunayasikia yakisimuliwa na vijana kando ya moto, huku sisi na Johnny tumesimama gizani. Filamu inaanza kwa sauti za vijana tusiowaona na mkono unaochukua kidani kilichoning'inizwa katika magofu ya mnara huo. Kidani kilikuwa cha mama yake. Kikiondolewa, Johnny anafukuka ardhini na kuanza safari ya kukitafuta.

Safari hiyo ndiyo filamu. Hakuna muziki wa kutuandaa kwa tishio. Pana majani yanayokanyagwa, ndege, upepo, na picha iliyobanwa kuwa karibu ya mraba, kama kwamba msitu wenyewe umekaza kuta. Tunatembea dakika nyingi bila jambo kutokea. Hapo ndipo mtazamaji anapogundua jambo la kushangaza: haogopi. Anajua muuaji yuko wapi. Anajua ana nini mkononi. Mtu apitaye jioni katika vijia vya mashamba ya kahawa ya Ruiru husikiliza kama kuna hatua nyuma yake. Nash ametuweka katika hatua hizo za nyuma. Hofu ni mali ya asiyejua, na kwa kutupa ujuzi wote mwongozaji ametunyang'anya hofu. Alichotuachia badala yake ni kitu kizito zaidi, yaani aibu ya kujua na kutoweza kuonya.

3. Steringi ni nani?

Nilipomsimulia jirani yangu mmoja wa Ruiru mpango wa filamu hii, swali lake la kwanza lilikuwa: "Sasa steringi ni nani?" Swali hilo linastahili kuchukuliwa kwa uzito na wahakiki.

Neno steringi lilizaliwa katika kumbi za sinema na vibanda vya video vya Afrika Mashariki, kutokana na maandishi ya Kiingereza yaliyotangulia majina ya waigizaji wakuu. Wenyewe walilitwaa na kulipa maana yao. Steringi si "mhusika mkuu" wa vitabu vya tahakiki. Mhusika mkuu aweza kuwa mwovu, aweza kufa ukurasa wa kumi kabla ya mwisho. Steringi ana haki mbili ambazo watazamaji wote wanazifahamu: hafi, na ugomvi wake ni wa haki. Anayempinga huitwa adui. Mpango mzima wa filamu, kwa mtazamaji wa kibandani, hupimwa kwa maneno hayo mawili.

Ukiichukua kanuni hii ukaiweka juu ya In a Violent Nature, utaona mara moja mahali ambapo filamu inauma. Johnny ndiye anayefuatwa. Johnny amedhulumiwa kwanza. Johnny hafi; risasi hazimmalizi. Ana mali yake aliyoibiwa na anakwenda kuidai. Kwa sifa za nje, yeye ndiye steringi kamili. Hata hivyo, hakuna mtazamaji mwenye akili timamu atakayempigia makofi anapomwua kijana ambaye hakuiba kitu. Kwa hiyo filamu inaivunja kanuni ya steringi vipande viwili: haki ya kutokufa inabaki, haki ya ugomvi inaondoka. Mhakiki anayetumia istilahi ya "mhusika mkuu" peke yake hawezi kuuona mvunjiko huu, kwa sababu istilahi hiyo haikuwa na madai ya haki tangu mwanzo. Hapa lugha ya kibandani imeizidi lugha ya darasani.

Tena kuna wasimulizi wenyewe. Nchini Kenya ajulikanaye zaidi ni DJ Afro, ambaye usimulizi wake wa filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng umesikika vibandani, katika magari ya abiria na majumbani. Tanzania ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Uganda kazi hiyo hufanywa hasa kwa Kiganda, na filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 imeenea duniani pamoja na sauti ya msimulizi wake ndani yake. Wasimulizi hawa hawatafsiri maneno tu. Huwapa wahusika majina ya utani, hueleza mawazo yao, hutania, hukaripia, hutabiri. Wanafanya kazi ya fanani wa hadithi mbele ya hadhira yake. Ni dhahiri kwamba filamu ya muuaji asiyesema neno, isiyo na muziki, ni mtihani mkubwa kwao. Msimulizi hawezi kukaa kimya dakika tano akitazama kisogo. Atasema nini?

4. Ngeli ya muuaji

Tuseme msimulizi anaanza pale Johnny anapofukuka ardhini. Ana angalau njia tatu:

(a) Kijana alitoka ardhini, akajipangusa udongo, akashika njia.
(b) Lile jitu lilitoka ardhini, likajipangusa udongo, likashika njia.
(c) Nilitoka ardhini, nikajipangusa udongo, nikashika njia.

Tendo ni moja katika sentensi zote tatu. Yanayobadilika ni viambishi vya upatanisho na jina, na kwa mabadiliko hayo madogo tumepata filamu tatu. Katika (a) tuna binadamu, tena kijana. Msikilizaji anakumbuka kwamba huyu ni yule aliyehadaiwa apande mnara. Katika (b) utu umeondolewa. Sarufi inaruhusu majina ya viumbe wenye uhai kupatanishwa kwa a- hata yakiwa na umbo la ngeli nyingine, kwa hiyo msimulizi angeweza kusema "yule jitu alitoka." Akichagua li- amechagua kumtoa katika watu. Methali yetu imefanya uchaguzi huohuo: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika (c) tumerudi kwenye filamu ya jicho, na msimulizi amejitwika nafsi ya muuaji mbele ya hadhira yake, jambo ambalo fanani wa hadithi hulifanya kwa kitambo tu, akibadili sauti, kisha akarudi katika nafsi yake.

Kamera ya Nash haikuhitaji kuchagua. Inaweza kuonyesha mgongo bila kusema kama ni mgongo wa "yeye" au wa "hilo". Huo ndio uwezo wake, na pengine ndio ujanja wake. Kiswahili hakina nafasi ya kujificha namna hiyo. Kila kitenzi kinadai kiambishi, na kila kiambishi ni hukumu ndogo. Ndiyo sababu tunasema kwamba filamu hii haijakamilika kwa mtazamaji wetu mpaka ipate msimulizi, na kwamba msimulizi huyo anabeba dhamana ambayo mwongozaji hakuibeba.

Liko jambo la pili la sarufi. Katika mifano yetu yote, mwenye mfululizo wa -ka- ni muuaji. Usimulizi wa Kiswahili hufuata -ka- kama msafiri afuatavyo njia. Mwenye -ka- ndiye mwenye hadithi. Wengine hutokea pembeni: "walipokuwa wakizungumza," "wakicheka," "wakiota moto." Viambishi -po- na -ki- vinawafanya kuwa mazingira ya tendo la mwingine. Hivi ndivyo hasa vijana wa filamu hii wanavyotokea. Maneno yao yanatufikia nusunusu, kutoka mbali, katikati ya miti. Tunasikia ugomvi wao bila kujua chanzo chake. Wao ni -ki- katika hadithi ya -ka- ya Johnny. Filamu chache zimeonyesha kwa uwazi namna hii kwamba utaratibu wa usimulizi ni utaratibu wa mamlaka.

5. Sauti ya ngomani

Je, hadithi zetu ziliwahi kumfuata muuaji njiani? Wengi watajibu kwamba hapana: zimwi hutokea, hutisha, huuawa, na fanani yuko upande wa watu. Jibu hilo ni la haraka mno.

Katika nchi ya Wakikuyu, ambamo Thika na Ruiru zimo, hujulikana sana hadithi ya mhunzi aliyekwenda mbali kufua chuma akamwacha mkewe mja mzito. Mke akajifungua, na zimwi, ambalo Wakikuyu huliita irimu, likaja kumhudumia. Likapika chakula, likamkaribisha mzazi ale, na kabla hajanyosha mkono likakila lenyewe, likimdhihaki kwamba amekataa. Ndege akatumwa kwa mhunzi, akaimba mpaka akaeleweka, na mhunzi akarudi akaliua zimwi. Hadithi hii inalipa zimwi maneno, tena maneno ya kejeli yanayowachekesha na kuwatisha watoto. Hailipi njia. Njia ni ya ndege.

Kuna hadithi nyingine, isimuliwayo kwa namna nyingi pwani na bara, ya msichana aliyerudi peke yake kutafuta kitu alichokisahau, zimwi likamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Kisha zimwi likashika njia. Likapita kijiji kwa kijiji likipiga ngoma, na kila likipiga, msichana aliimba ndani. Watu wakaistaajabia ngoma yenye sauti tamu, wakalilisha zimwi. Mwishowe likafika kijijini kwa wazazi wa msichana, na mama akaitambua sauti. Wakalilevya zimwi, wakamtoa mtoto, wakajaza ngoma nyuki au nyoka.

Tazama mpango wake. Hapa hadithi inatembea na zimwi. Ndilo lenye -ka-: likapita, likapiga, likala. Kwa maana ya sarufi, hii ni hadithi ya njia ya muuaji, tena yenye kisogo kama filamu ya Nash. Lakini katika kila kituo cha njia hiyo kinachosikika ni sauti ya aliyekamatwa. Zimwi linadhani linaionyesha ngoma yake, kumbe linambeba shahidi. Na kilele cha hadithi si pigo. Ni mama kuitambua sauti. Wazee waliotunga hadithi hii walijua kwamba unaweza kumpa muuaji njia yote madhali humpi wimbo.

Fasihi andishi imetoa majibu mengine. Samuel Mushi alipotafsiri Makbeth mwaka 1968, alituletea muuaji ambaye twasikia dhamiri yake kabla ya kisu na baada ya kisu. Hapo wimbo ni wa muuaji, na haki inapatikana kwa kuwa wimbo huo ni wa kujihukumu. Euphrase Kezilahabi katika Dunia Uwanja wa Fujo, mwaka 1975, alimpa Tumaini maisha mazima kabla ya kumpa silaha, ili mauaji yaonekane yakichipuka katika historia ya mtu na ya nchi. John Kiriamiti, kwa Kiingereza, alitoa My Life in Crime mwaka 1984, akasimulia ujambazi kwa nafsi ya kwanza, na wasomaji wengi wa Kenya wakakipenda kitabu hicho kuliko vingi vilivyoandikwa na wanyofu. Kwa upande mwingine, riwaya za upelelezi, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960 na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, humficha mkosaji mpaka mwisho na kumpa mpelelezi njia. Makbeth ana wimbo, Tumaini ana historia, jambazi wa Kiriamiti ana kinywa. Johnny hana hata kimoja katika hivyo. Ana miguu.

6. Kauli ya kutendwa

Hapa hatuna budi kurudi kwenye barabara ya Thika na mazungumzo ya Januari 2024. Habari za mauaji katika magazeti na redio zetu zina sarufi yake. Huandikwa kwa kauli ya kutendwa: mwanamke auawa, mwili wapatikana chumbani, marehemu alionekana mara ya mwisho akiingia. Mtendaji ameondoka katika sentensi. Kwa kuwa sentensi haiwezi kubaki tupu, udadisi wa msomaji unamrudia aliyetajwa: alikwenda kufanya nini huko? Alikutana na nani? Kwa nini usiku? Hivyo marehemu, ambaye ni mtendwa wa kisarufi, anageuzwa kuwa mtendaji wa kifo chake. Njia inayochunguzwa ni yake, hatua kwa hatua, na ya muuaji inabaki gizani. Waandamanaji wa tarehe 27 Januari walikuwa, pamoja na mengine, wakiikataa sarufi hii.

Ukiitazama filamu ya Nash kwa nuru hiyo, unaona sifa ambayo wengi waweza kuipita. Ndani yake kauli ya kutendwa imepigwa marufuku. Hakuna anayeuawa bila sisi kuona nani ametembea, umbali gani, kwa muda gani, ili aue. Msichana anayefanya mazoezi ya viungo juu ya jabali hakufanya kosa lolote la njia. Njia ilikuwa ya mwingine, na sisi tuliipita yote. Mtazamaji hawezi kuuliza alikwenda kufanya nini pale. Swali hilo limezibwa na kisogo kilichojaa picha. Kwa maoni yetu, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika filamu hii: inaurudisha uzito wa kitenzi kwa mtendaji wake.

Lakini sifa hii ina mpaka, na haifai tuufiche. Filamu za mchinjaji, na hii ikiwamo, zinamtoa muuaji msituni, mgeni, aliyefufuka. Ripoti za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya wanawake wauawao kwa makusudi duniani huuawa na wapenzi wao au na jamaa zao. Muuaji wa kweli mara nyingi hafukuki ardhini; ana ufunguo wa mlango. Methali ya zimwi likujualo inatufariji kwamba mjuzi wako hatakumaliza, na habari za kila mwaka zinaisuta faraja hiyo. Msimulizi anayechagua sentensi (b), akamwita Johnny jitu, anaukuza uongo huu wa filamu, kwa kuwa anawafundisha wasikilizaji wake wa Thika na Ruiru kumtazamia muuaji mwenye sura ya li-. Anayechagua (a) anawasumbua zaidi, na anasema kweli zaidi: huyu ni a-, mtu kama watu.

7. Kasoro na kilele

Filamu haikudumu katika nguvu zake. Kasoro yake kubwa iko palepale jabalini. Mpaka hapo kamera ilikuwa na nidhamu: ilitembea, ilisimama, haikuchagua cha kupendeza. Mauaji ya jabalini yanakatisha nidhamu hiyo. Kamera inaacha kisogo na kutafuta mahali pa kuonea vizuri zaidi jinsi mwili unavyoweza kukunjwa kwa kulabu za wakata magogo. Huo si mtazamo wa muuaji wala wa muuawa. Ni mtazamo wa muuza tiketi. Mauaji ya mlinzi wa msitu kwa mashine ya kupasulia magogo, ingawa ni ya kikatili vilevile, yana mantiki ya filamu ndani yake: ni ya polepole, ya kuchosha, kama kazi ya kibarua, na mtazamaji anatamani yaishe. Tofauti ya maonyesho hayo mawili ni somo zuri kwa mwanafunzi wa mtazamo. La kwanza linatufurahisha kwa ufundi. La pili linatuaibisha kwa kuwapo kwetu pale.

Kasoro ya pili ni wembamba wa sauti ya ngomani. Vijana hawa wanasema mengi na hawasemi kitu. Ni kweli kwamba tunawasikia nusunusu kwa sababu ya mahali tuliposimama. Lakini hata nusu ya neno la mtu yaweza kumtambulisha, kama mama alivyomtambua mwanawe kwa wimbo tu. Mwandishi angetupa nusu zilizochaguliwa vizuri zaidi.

Hata hivyo mwisho unaokoa mengi. Msichana wa mwisho, Kris, anakiacha kidani juu ya galoni la mafuta msituni, wakati Johnny anashughulika na maiti ya mwenzake, naye anakimbia. Na kwa mara ya kwanza filamu inamwacha Johnny na kumfuata mwingine. Mfululizo wa -ka- unabadilisha mwenyewe. Mara moja hofu inarudi, hofu ya kweli, kwa kuwa sasa hatujui. Mwanamke mmoja anamchukua kwa gari lake na kumsimulia habari ya nduguye aliyeshambuliwa na dubu, na jinsi mnyama awezavyo kuua bila sababu. Kris yuko kimya, anatazama miti. Hakuna anayetokea. Tunarudishwa kwenye galoni: kidani hakipo.

Wako watazamaji ambao wataona kwamba mwisho huu unavunja ahadi ya filamu. Sisi tunaona kwamba unaikiri. Mwongozaji aliahidi kuifuata njia ya muuaji, akaifuata mpaka ikafika ukingoni, na ukingoni akakuta kwamba hakuna cha kujua: muuaji asiye na wimbo hana la kutufundisha juu ya nafsi yake. Elimu yote ilikuwa ngomani. Dakika za mwisho ni dakika za kumtoa msichana katika ngoma na kumsikiliza akiwa hai, hata kama kinachosikika ni pumzi yake tu.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba mtazamo wa muuaji una aina zake, ya jicho na ya kisogo, na kwamba aina hizo zinalingana na nafsi za sarufi kiasi cha kuweza kujadiliwa kwa istilahi za sarufi. Pili, kwamba msimulizi wa Kiswahili anapoipokea filamu kama hii, ngeli na viambishi vyake vinamlazimisha kutoa hukumu ambazo kamera ilizikwepa. Kwa sababu hiyo kazi ya wasimulizi wa vibandani inastahili kurekodiwa na kuhakikiwa kama tunavyorekodi na kuhakiki hadithi za mafanani. Na neno steringi liingie katika istilahi zetu likiwa na kanuni zake zote mbili. Tatu, kwamba hadithi ya zimwi na ngoma inatupa kipimo cha haki cha kuzipimia kazi zinazofuata njia ya muuaji, ziwe za kubuni au za habari.

Kipimo hicho kina kazi nje ya darasa pia. Mwalimu wa lugha anayewafundisha vijana wa Ruiru au Thika kauli ya kutendwa aweza kuchukua kichwa kimoja cha habari za mauaji, akawauliza wanafunzi: mtendaji yuko wapi? Kisha awaambie waiandike upya sentensi hiyo, muuaji akiwa na kitenzi chake na marehemu akiwa na jina lake. Ni zoezi la dakika kumi.